Ralph Bunche, Mpatanishi wa Mataifa



Muhula uliopita, katika chama chetu cha mjadala, ilitolewa hoja isemayo kwamba mtu mwenye elimu asikubali kufanya kazi katika serikali inayowadharau watu wake. Mimi nilikuwa msemaji wa kwanza wa upande wa kuunga mkono. Nilitafuta mfano wa mtu mweusi aliyekubali kazi ya namna hiyo, nikampata Dakta Ralph Bunche wa Marekani, nami nikamshambulia kwa maneno makali. Nilisema kuwa alikuwa mtumishi wa wakubwa, na ya kwamba kule Kongo mwaka 1960 alimwacha Patrice Lumumba aangamie. Wasikilizaji walipiga makofi, na upande wetu ukashinda kwa kura nyingi.

Tulipokuwa tukitoka ukumbini, mmoja wa wapinzani wangu aliniuliza kwa upole kama nilipata kusoma habari za mtu huyo tangu kuzaliwa kwake. Nilinyamaza, maana nilikuwa nimesoma kurasa mbili tu, na hizo zilihusu Kongo peke yake. Tangu siku ile nimesoma zaidi. Makala hii ni malipo ya deni langu, kwa yule mwenzangu na kwa marehemu pia.

Utoto wake

Ralph Johnson Bunche alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 katika mji wa Detroit, jimbo la Michigan. Baba yake, Fred, alikuwa kinyozi, na mama yake, Olive, alikuwa mpenda muziki. Nyumbani alikuwako pia bibi yake mzaa mama, Lucy Johnson, ambaye watu wote walimwita Nana. Bibi huyu alizaliwa utumwani. Alikuwa mdogo wa umbo, na rangi yake ilikuwa nyeupe sana, hata kama angalitaka angaliweza kujihesabu miongoni mwa Wazungu na kuepukana na taabu nyingi. Hakutaka hata kidogo. Alijivunia watu wake, akawafundisha wajukuu wake wajivunie vilevile.

Mama alipokuwa mgonjwa, jamaa yote walihamia Albuquerque, katika jimbo la New Mexico, kwa kutafuta hewa kavu. Hewa haikumponya. Mama alifariki mwaka 1917, na baba alikuwa amekwisha ondoka kutafuta kazi, wala hakurudi tena. Hivyo Ralph alikuwa yatima akiwa na umri wa miaka 13. Nana akamchukua yeye na dada yake mdogo, Grace, wakaenda kukaa Los Angeles, pwani ya magharibi.

Huko walimu walimweka Ralph katika masomo ya kazi za mikono, kama walivyozoea kufanya kwa watoto weusi. Nana alivaa nguo zake nzuri, akaenda shuleni mwenyewe, akadai mjukuu wake afundishwe masomo yawezayo kumfikisha chuo kikuu. Walimu walikubali. Nasi wengi wetu tunamjua bibi wa namna hii, maana pasipo yeye tusingalikuwa shuleni leo.

Mwaka 1922 Ralph alimaliza shule ya Jefferson akiwa wa kwanza. Mjini palikuwa na chama cha heshima cha wanafunzi waliofaulu kupita wengine, naye hakuingizwa kwa sababu ya rangi yake. Jambo hili lilimwumiza sana. Hata hivyo aliendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha California, tawi la Los Angeles. Alisaidiwa ada kwa kuwa alicheza vizuri mpira wa kikapu, na kwa mahitaji mengine alifagia na kusafisha majumba. Mwaka 1927 alipata shahada yake, na mara hii pia alikuwa wa kwanza.

Chuo Kikuu cha Harvard kilimpa nafasi ya kuendelea, lakini hakuwa na fedha za safari wala za chakula. Basi watu weusi wa Los Angeles, hasa akina mama wa chama kimoja, walichanga dola 1,000 wakampa. Wengi wao walikuwa watu wa kazi ndogo ndogo. Kila mara nilipokuwa nikisoma mambo yake ya baadaye, nilizikumbuka dola hizo.

Mwalimu na msafiri

Tangu mwaka 1928 Bunche alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Howard, kilichoko Washington, akaanzisha huko idara ya elimu ya siasa. Mwaka 1930 alimwoa Ruth Harris, wakajaliwa binti wawili na mvulana mmoja. Mwaka 1934 Harvard ilimpa shahada ya Udaktari, naye alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuipata shahada hiyo katika elimu ya siasa.

Kwa ajili ya shahada hiyo alisafiri mwaka 1932 mpaka Afrika ya Magharibi. Alilinganisha nchi mbili zilizotawaliwa na Wafaransa. Dahomey, ambayo sasa ni Benin, ilikuwa koloni. Togo ilikuwa amana ya Shirikisho la Mataifa, yaani ilipasa kutawaliwa kwa faida ya wenyeji. Bunche aliona kwamba kwa mwananchi wa kawaida tofauti ilikuwa ndogo sana. Nawaomba wasomaji walishike jambo hili, maana tutalikuta tena mbele.

Mwaka 1937 alikwenda London kwa masomo zaidi, na huko alifanya jambo litakalowafurahisha wasomaji wa sehemu hii ya gazeti letu: alijifunza Kiswahili. Mwalimu wake alikuwa Jomo Kenyatta, ambaye siku hizo alikuwa mwanafunzi mwenziwe mjini humo, na miaka 26 baadaye akawa Waziri Mkuu wa Kenya. Kutoka London alikwenda Afrika ya Kusini, akauona ubaguzi wa huko kwa macho yake, kisha akafika Kenya mwaka 1938. Wakikuyu walimkaribisha kama ndugu, wakampa jina la Kariuki, yaani aliyefufuka. Kwao mtu huyu alikuwa mtoto wa wale waliochukuliwa utumwani wakahesabiwa kuwa wafu, naye sasa alikuwa amerudi.

Vita na Mkataba wa San Francisco

Vita vya pili vya dunia vilipoifikia Marekani mwaka 1941, serikali iligundua kwamba ilikuwa na watu wachache mno wanaoijua Afrika. Bunche aliitwa katika ofisi ya upelelezi ya Washington awe mtaalamu wa mambo ya Afrika. Hapa ndipo tatizo la hoja yetu linapoanza. Marekani ilipigana na Hitler aliyehubiri kwamba taifa moja la watu ni bora kuliko mengine yote, na huku jeshi lake lenyewe liliwatenga askari weusi na weupe. Utengano huo haukuamriwa kukomeshwa mpaka mwaka 1948, kwa agizo la Rais Truman. Mjini Washington, makao makuu ya nchi iliyojiita mlinzi wa uhuru, watoto wa Bunche hawakuruhusiwa kusoma pamoja na watoto wa Wazungu.

Pamoja na hayo alikubali kazi, kwa kuwa alijua kama Hitler angeshinda, hali ya watu weusi ingekuwa mbaya mara nyingi zaidi. Mwaka 1944 alihamishwa Wizara ya Mambo ya Nje, mahali ambapo mtu mweusi hakupata kukalia kiti cha namna ile kabla yake. Mwaka 1945 alikwenda San Francisco pamoja na wajumbe wa Marekani, kwenye mkutano wa mataifa 50 ya kutunga Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Yeye alikuwa miongoni mwa walioandika sura zihusuzo makoloni na nchi za udhamini, yaani sura ya 11 na ya 12.

Mataifa yaliyokuwa na makoloni hayakutaka Mkataba useme mengi, na Marekani yenyewe ilisitasita, kwani ilitaka kubaki na visiwa ilivyoviteka katika bahari ya Pasifiki. Bunche na wenzake walipata kile kilichowezekana kupatikana. Dola yenye koloni ilipaswa kupeleka taarifa kwa Umoja wa Mataifa. Tena kwa nchi za udhamini, ambazo mwishowe zilikuwa 11, wenyeji walipewa haki ya kupeleka malalamiko yao moja kwa moja, na wajumbe wa Umoja wa Mataifa walipewa haki ya kwenda kuzikagua kwa macho. Nadhani hapa alikumbuka mambo aliyoyaona Togo, ya kwamba amana isiyokaguliwa haina tofauti na koloni.

Wasomaji wasidhani kuwa hayo yalikuwa maneno ya karatasi tu. Tanganyika na Ruanda-Urundi zilikuwa nchi za udhamini. Bunche alipoingia katika Umoja wa Mataifa mwaka 1946, alipewa kuisimamia idara ya udhamini. Mwaka 1948 wajumbe wa kwanza wa ukaguzi walifika Afrika ya Mashariki. Wale wa mwaka 1954 waliandika kwamba Tanganyika yaweza kujitawala katika muda wa miaka 20 au 25, na serikali ya Kiingereza ikachukia. Mwezi Machi 1955 kijana mwalimu, Julius Nyerere, alisimama mbele ya Baraza la Udhamini mjini New York akawasemea watu wake. Kenya na Uganda hazikuwa na mlango kama huo. Haukuwa mpana, lakini ulikuwa mlango, na Bunche alikuwa mmoja wa maseremala wake.

Kisiwa cha Rhodes

Mwaka 1947 Bunche alitumwa Palestina kuwa msaidizi wa kamati iliyochunguza mambo ya nchi hiyo. Mwaka uliofuata vita vikazuka kati ya Waarabu na Wayahudi. Umoja wa Mataifa ulimchagua Folke Bernadotte wa Sweden awe mpatanishi, na Bunche awe msaidizi wake. Tarehe 17 Septemba 1948 Bernadotte alipigwa risasi motokarini mjini Yerusalemu na Wayahudi wenye siasa kali. Bunche alipaswa kuwa pamoja naye, lakini alicheleweshwa njiani, na afisa wa Kifaransa, Kanali Sérot, aliyekuwa ndani ya gari, akafa pamoja na mpatanishi. Mara Bunche akapewa kazi ya marehemu.

Aliwaita wajumbe wa Misri na wa Israeli kwenye kisiwa cha Rhodes, ambacho sisi tunakijua kwa jina la Rodo katika kitabu cha Matendo ya Mitume, kwani Paulo alipita hapo. Walikaa katika hoteli moja. Mazungumzo yalianza tarehe 13 Januari 1949. Mwanzoni hawakutaka hata kusalimiana. Bunche hakuanza na mambo makubwa. Kwanza aliwaomba wakubaliane orodha ya mambo ya kuzungumzwa, nao wakaitia sahihi, kusudi waanze kuzoea kutia sahihi pamoja. Kisha akaenda hatua moja moja. Mchana na usiku alikuwa akitoka chumba hiki na kuingia chumba kile, na pengine mikutano iliendelea mpaka alfajiri. Walipochoka aliwachukua wakacheze biliadi, naye akacheza pamoja nao.

Tena alikuwa ameagiza sahani za kupendeza za udongo wa kisiwa kile, kila mjumbe apewe moja kwa ukumbusho. Siku moja mambo yalipokwama aliwaonyesha sahani hizo, akawaambia kwamba wakikubaliana watakwenda nazo nyumbani, na wasipokubaliana atawavunjia vichwani. Wote walicheka, kazi ikaendelea.

Baada ya siku 42, tarehe 24 Februari 1949, Misri na Israeli walitia sahihi mapatano ya kusimamisha vita. Lebanoni ilifuata mwezi Machi, Yordani mwezi Aprili, na Syria mwezi Julai. Mwaka 1950 Bunche alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, naye alikuwa mtu mweusi wa kwanza ulimwenguni kupewa tuzo yoyote ya Nobel. Kwanza alitaka kuikataa, akisema kuwa kazi ya Umoja wa Mataifa haifanywi kwa ajili ya zawadi. Katibu Mkuu, Trygve Lie, ndiye aliyemshurutisha aipokee.

Ukweli hauna budi kusemwa. Mapatano yale yalinyamazisha bunduki, hayakuleta amani. Wapalestina zaidi ya 700,000 walikuwa wamepoteza makao yao, na jambo lao halikumalizwa Rhodes. Vita vilizuka tena mwaka 1956, na 1967, na baada ya hapo. Bunche mwenyewe alijua kwamba kusimamisha vita ni mwanzo wa kazi. Lakini mtu aliyezima moto asilaumiwe kwa kuwa wenye nyumba hawakuondoa kuni.

Cheo alichokikataa

Sasa nafikia jambo ambalo, kama ningalilijua siku ya mjadala, nisingalisema niliyoyasema. Mwaka 1949, sifa zake zilipokuwa zimeenea pote, Rais Truman alitaka kumfanya Waziri Msaidizi wa Mambo ya Nje. Hakuna Mmarekani mweusi aliyepata kukaribia cheo kama hicho. Bunche alikikataa. Alieleza waziwazi kwamba hakuwa tayari kuirudisha jamaa yake Washington ikaishi chini ya ubaguzi wa shule, mikahawa na nyumba. Habari hiyo ilichapwa magazetini, na wakubwa wengi wakaona haya.

Basi huyu ndiye niliyemwita mtumishi wa wakubwa. Alikubali kazi wakati wa vita kwa sababu ya adui mbaya zaidi, na vita vilipokwisha alikataa heshima kubwa kwa sababu ya dharau ile ile niliyokuwa nikiipigia kelele ukumbini.

Taabu zake hazikuishia hapo. Baada ya vita Wamarekani waliingiwa na hofu kubwa ya Ukomunisti, na Seneta Joseph McCarthy pamoja na wengine waliwashtaki watu wengi kwa kuwashuku tu. Hata Bunche alishukiwa, kwa sababu ya vyama alivyoshirikiana navyo kabla ya vita katika kupigania haki za watu wake. Mwezi Mei 1954 alihojiwa na baraza la kuchunguza uaminifu wa watumishi. Wakati wa uchunguzi huo huo alialikwa Ikulu ya Washington kula chakula pamoja na Rais Eisenhower na Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia. Hebu fikirini: katika juma moja serikali moja ilimketisha mezani pa wafalme na ikamwuliza kama yeye ni msaliti. Mwishowe baraza lilimwona hana hatia.

Mwaka 1959 mwanawe alinyimwa nafasi katika klabu moja ya tenisi mjini New York. Habari zilipoenea, watu walikasirika, rais wa klabu akajiuzulu, na klabu ikatangaza kuwa iko tayari kuwapokea. Bunche hakufurahi. Alisema kuwa mlango ulifunguliwa kwa sababu ya jina lake kubwa, na kwamba mtu mweusi asiye na jina bado amefungiwa nje. Nilipenda sana jibu hilo, maana wako watu wengi ambao mlango ukifunguliwa kwa ajili yao peke yao, hudhani umefunguliwa kwa wote.

Kongo

Kabla ya Kongo ilikuja kazi ya Suez. Mwaka 1956 Uingereza, Ufaransa na Israeli waliposhambulia Misri, Umoja wa Mataifa uliunda jeshi lake la kwanza la kulinda amani, na Bunche, chini ya Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld, ndiye aliyeliratibu. Kofia zao zilipakwa rangi ya buluu ili askari hao wasidhaniwe kuwa maadui. Kofia hizo tunazijua sote.

Mwezi Juni 1960 alitumwa Leopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa, kuhudhuria sherehe za uhuru wa Kongo tarehe 30. Siku chache baadaye jeshi liliasi, askari wa Ubelgiji wakaingia bila idhini ya serikali mpya, na jimbo la Katanga likajitenga chini ya Moïse Tshombe. Askari walioasi walimtishia Bunche kwa bunduki hotelini mwake. Alibaki. Akapewa uongozi wa kazi yote ya Umoja wa Mataifa nchini humo. Katika siku chache maelfu ya askari walifika kutoka Tunisia, Morocco, Ghana, Ethiopia na kwingineko, na baadaye jeshi hilo lilikaribia watu 20,000.

Hapa ndipo alipogongana na Lumumba. Waziri Mkuu huyo alitaka jeshi hilo liingie Katanga mara moja na kukomesha uasi. Bunche alijibu kwamba amri aliyopewa haikumruhusu kupigana katika magomvi ya wenyewe kwa wenyewe. Tarehe 4 Agosti alikwenda Elisabethville, yaani Lubumbashi, kuonana na Tshombe, akatishwa kwamba askari wakija watapigwa, naye akashauri wasiingie siku zile. Lumumba aliona kuwa huo ulikuwa woga, na pengine hila ya wakubwa. Watu hawa wawili hawakuelewana tena. Mwisho wa Agosti Bunche aliondoka Kongo.

Mimi nilisema ukumbini kwamba Bunche alikuwa huko na akamwacha Lumumba aangamie. Hilo si kweli. Rais Kasavubu alimwondoa Lumumba madarakani tarehe 5 Septemba, Bunche akiwa amekwisha ondoka, na Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961. Lakini sitaki kulipa kosa moja kwa kosa jingine. Bunche alikuwa bado mshauri mkuu wa Hammarskjöld mjini New York, na Umoja wa Mataifa haukumwokoa Lumumba. Tena serikali ya Marekani ilitaka Lumumba aondolewe. Uchunguzi wa Seneti yake yenyewe mwaka 1975 ulifunua kwamba shirika lake la ujasusi lilipanga kumwua kwa sumu. Bunche alifanya kazi kwa kufuata amri iliyoandikwa, katika mahali ambapo wengine hawakufuata amri yoyote. Kwa maoni yangu, subira iliyomfaa Rhodes haikutosha Kongo. Huko Rhodes pande zote mbili zilikuwa zimechoka kupigana. Kongo wengine walikuwa ndiyo kwanza wanaanza, na nyuma yao walikuwa na fedha za migodi.

Kosa jingine, nami naliita kosa, ni la mwezi Februari 1961. Habari za kifo cha Lumumba zilipofika, Wamarekani weusi walifanya ghasia katika ukumbi wa Baraza la Usalama, na Bunche akaomba radhi hadharani kwa niaba ya watu wake. Wengi walimkasirikia, kwani hawakumtuma. Malcolm X naye alimsema vibaya miaka ile. Nasoma habari hizi kama jirani. Hapa Uganda tuna wenzetu darasani ambao wazee wao walitoka Kongo, na mwaka 1999 Umoja wa Mataifa ulilazimika kupeleka askari huko mara ya pili. Kwao Kongo ya 1960 ni habari ya nyumbani.

Mwisho wa safari

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya kazi na huzuni. Alipata ugonjwa wa kisukari, na macho yake yalidhoofika. Hata hivyo mwezi Machi 1965, akiwa na umri wa miaka 61, alitembea mstari wa mbele pamoja na Martin Luther King katika maandamano ya kutoka Selma kwenda Montgomery, jimbo la Alabama, kudai haki ya watu weusi kupiga kura. Miguu yake ilikuwa na maradhi, lakini alikwenda. Wale waliosema kwamba amewasahau watu wake walimwona njiani. Mwezi Agosti mwaka huo sheria ya haki ya kura ilitiwa sahihi.

Mwaka 1966 binti yake Jane alifariki, na pigo hilo lilimwumiza kuliko yote. Mwanawe naye alipelekwa katika vita vya Vietnam, vita ambavyo baba yake hakuviamini. Bunche aliendelea kufanya kazi mpaka mwili ukamshinda mwaka 1971.

Hoja ile ikitolewa tena, sijui kama nitasimama upande ule ule. Labda nitasimama. Bado naamini kwamba iko siku ambayo mtu hana budi kukataa. Lakini nimejifunza kwamba Bunche aliijua siku hiyo kuliko mimi, kwa kuwa yeye alikuwa na kitu cha kupoteza aliposema hapana, na mimi nilikuwa na makofi tu ya kupata. Nimejifunza pia kwamba kuandika sura mbili za sheria kwa subira kwaweza kuwafaa watu wa mbali, ambao hawatajua jina la mwandishi. Nawasihi wadogo zangu wa chama cha mjadala: kabla hamjamtupia mtu jiwe, someni zaidi ya kurasa mbili.

Ralph Bunche alifariki mjini New York tarehe 9 Desemba 1971. Siku hiyo Tanganyika, nchi ya udhamini ya zamani, ilitimiza miaka 10 kamili tangu ipate uhuru wake.